"Lazima Kuna Kitu Kilinitokea Utotoni": Chanzo cha Fobia Sicho Unachodhani

Mtu anaogopa paka, lifti au sindano, na kabla sijamuuliza lolote ananiambia: "Kuna kitu kilinitokea utotoni, ila sikikumbuki. Tukitafute kwanza." Wengine wamekitafuta kwa miaka, na muda wote huo wamekuwa wakipanda ngazi hadi ghorofa ya nane. Dhana hii inawachelewesha watu kupona, na nimechoka kuisikia.

Ni kweli kwamba zipo fobia, yaani hofu kali ya kitu fulani isiyolingana na hatari yake, zinazoanza kwa tukio. Aliyeng'atwa na mbwa anaweza kuogopa mbwa wote. Mwaka 1920, wanasaikolojia wa Marekani John Watson na Rosalie Rayner walimfanya mtoto mchanga aliyeitwa Albert amwogope panya mweupe kwa kugonga chuma kwa kishindo nyuma yake kila alipomgusa. Lilikuwa jaribio la kikatili, na hadi leo watu wanadhani kila hofu hujengwa hivyo.

Sivyo. Huko Dunedin, New Zealand, watafiti waliwafuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 hadi ukubwani. Walipofika miaka 18, iliangaliwa nani anaogopa mahali pa juu na nani aliwahi kuanguka na kuumia vibaya alipokuwa na miaka 5 hadi 9. Waliowahi kuanguka walikuwa wengi zaidi upande wa wasioogopa. Ukilitafakari, linaeleweka: mtoto asiye na hofu ndiye anayekwea, na anayekwea ndiye anayeanguka. Mwenzake aliogopa tangu mwanzo, bila kufunzwa na tukio lolote.

Hofu nyingine huingia kwa macho. Katika miaka ya 1980, mwanasaikolojia Susan Mineka na wenzake walichukua kima waliolelewa maabara, wasiomwogopa nyoka hata kidogo, wakawaonyesha kima wengine wakimwogopa nyoka. Kutazama tu kulitosha kuwaambukiza hofu. Lakini video ilipohaririwa ionekane kama kima anaogopa maua, watazamaji hawakujifunza kuyaogopa. Kwa hiyo ubongo una vitu uliokwisha kujiandaa kuviogopa, na mazingira huamsha maandalizi hayo. Mtoto anayemwona mama yake akiruka juu ya kiti kila buibui anapotokea anajifunza pasipo kuumwa na chochote, na akiwa mtu mzima hatakumbuka somo lenyewe. Utachimbua nini hapo?

Hata anayelijua tukio lake vizuri kabisa haponi kwa kulijua. Kilichoianzisha fobia na kinachoilisha leo ni vitu viwili tofauti. Kinachoilisha ni kukwepa. Unaiacha lifti, moyo unatulia, na ubongo unaandika kwamba umenusurika kwa sababu ulikimbia. Kesho hofu inarudi na nguvu zaidi. Ndiyo maana wateja wangu nawapa daftari, nawaambia waandike jambo moja tu: leo nimekwepa nini? Daftari hilo linanipa kazi ya kufanya kuliko masimulizi yote ya utotoni.

Zipo na kauli nyingine ninazozisikia. "Mama anayo, basi nimeirithi, hakuna dawa." Jeni zina mchango, tafiti za mapacha zinaonyesha hivyo. Lakini unachorithi ni wepesi wa kushtuka, si hukumu. Pacha wa kufanana anaweza kuwa na fobia na mwenzake asiwe nayo.

"Wanawake ni waoga kwa maumbile." Wanawake wanaopatwa na fobia ni karibu mara mbili ya wanaume, ndiyo. Ila mtazame mvulana anavyosukumwa amguse mjusi huku dada yake akiruhusiwa kukimbia. Kila anayeruhusiwa kukimbia ananyimwa nafasi ya kuizoea hofu yake.

"Mtupe majini ataogelea." Tafadhali usifanye hivyo. Kukabili anachokiogopa ni tiba nzuri sana pale mwenyewe anapokubali na kupanda ngazi moja baada ya nyingine. Ukimshtukiza, unamwongezea tukio jipya la kuogopa.

"Vuta pumzi, legeza mwili." Kwa wengi ushauri huu hauna madhara. Kwa anayezimia aonapo damu au sindano, ni ushauri mbaya. Fobia hii ina tabia yake: mapigo ya moyo hupanda kidogo, kisha mapigo hayo pamoja na presha ya damu hushuka ghafla, na mtu anaanguka. Anahitaji kuipandisha presha. Mwanasaikolojia Lars-Göran Öst wa Sweden alifundisha njia rahisi: kaza misuli ya mikono, kifua na miguu kwa sekunde 10 hadi 15, mpaka uso upate joto, achia kwa sekunde 20 hadi 30 bila kujilegeza kabisa, kisha rudia, mara tano hivi. Fanya mazoezi nyumbani kabla ya siku ya kuchomwa. Ukifika, mwambie muuguzi mapema kwamba huwa unazimia, omba ulale, na uache umelegea mkono ule tu unaochomwa.