"Jina lake halipo, basi alitoroka": dhana potofu kuhusu mashujaa wetu na minara yao

Kila mwaka ikishapita Julai 25, simu yangu haitulii. Watu wametazama Siku ya Mashujaa kwenye televisheni, wamemwona Rais na Mkuu wa Majeshi wakisogea mbele ya mnara, wameisikia buruji ya maombolezo, na mtu anamkumbuka babu wa babu yake aliyechukuliwa vitani asirudi. Wananitafuta mimi kwa kuwa kazi yangu ni kupekua kumbukumbu za vita vya Afrika Mashariki na kuwatembeza watu kwenye minara na makaburi. Wakipiga nafurahi. Lakini kuna kauli moja ambayo mwaka huu nimeisikia hadi nikaamua kuiandikia:

"Mwalimu, jina la babu tumelitafuta kote, halipo. Basi waliosema alitoroka walisema kweli."

Si kweli. Dhana hii inaniumiza kuliko zote kwa sababu inawadhulumu watu waliokwisha kudhulumiwa. Niliwahi kukaa na mama mmoja mtu mzima ambaye ukoo wao uliacha kabisa kuwarithisha watoto jina la babu yao aliyekwenda vitani, kwa aibu, eti aliwakimbia wenzake. Ushahidi wao ulikuwa mmoja tu: hakuna jiwe lenye jina lake.

Tuanze na nani hasa alikufa. Ukisikia "waliokufa Vita Kuu ya Kwanza" unamwona askari na bunduki. Huku kwetu wengi wa waliokufa walikuwa wapagazi. Mbung'o waliua farasi, punda na maksai, barabara za maana hazikuwepo, kwa hiyo risasi, unga, mahema na hata vipande vya mizinga vilipanda vichwani mwa watu. Waingereza na washirika wao peke yao walichukua wapagazi wanaokaribia milioni moja, na makadirio yanayotumika sana ya waliokufa yanazidi 90,000. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Upande wa Wajerumani watu walikamatwa vijijini wakabebeshwa mizigo, na hesabu yao haikuwekwa ipasavyo. Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza, ingawa wengi wanaopita pale kila siku wanajua soko tu.

Sasa majina. Tume ya Makaburi ya Vita iliyoundwa Uingereza mwaka 1917, ambayo leo ni ya Jumuiya ya Madola, iliahidi kwamba kila aliyekufa atakumbukwa kwa jina, bila kujali cheo wala rangi. Ulaya ilitimiza. Mwaka 1927 lilizinduliwa lango la Menin huko Ypres, Ubelgiji, lenye majina zaidi ya 54,000 ya watu ambao miili yao haikujulikana ilipo. Mwaka huohuo wa 1927, Dar es Salaam ikapata Sanamu ya Askari. Maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Maneno mazuri. Jina la mpagazi hata mmoja halimo.

Nawaomba mzitazame kazi hizo mbili pamoja, maana jibu la swali la babu liko hapo. Kukosekana kwa kaburi hakukuwa sababu, kwani wale wa Menin nao hawakuwa na makaburi yanayojulikana. Wala si kweli kwamba wapagazi wote hawakuandikwa popote: kulikuwa na rejista, namba na vibati vya kuvaa. Jina la babu yako halikuchongwa kwa sababu watu waliokaa ofisini baada ya vita waliona Mwafrika anatosha kukumbukwa kwa jumla. Gavana wa kwanza Mwingereza wa Tanganyika, Horace Byatt, alitaka makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi kuwa pori upesi. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri: watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mwingine akiniambia "halipo, basi alitoroka" baada ya kusoma hayo, nitamwomba asome tena.

Na kama unataka kutafuta kwa dhati, usinijie na "babu alikuwa KAR" (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika) peke yake. Njoo na jina la utotoni, jina la baba yake, kijiji, jina la jumbe wa wakati ule, na majina ya vijana walioondoka naye siku ile. Makarani waliandika walivyosikia, na wengine waliandika jina moja tu, Juma au Hamisi, basi. Mara nyingi kinachotuokoa ni jina la rafiki au la kijiji. Haya yote yako kichwani mwa bibi yako, hayapo kwenye kabati langu. Nenda ukamrekodi wiki hii. Nawasihi watu jambo hili kila siku, nao wananirudia baada ya msiba.

Mengine nitayapitia haraka.

"Chini ya mnara kuna maiti." Kwa kawaida hakuna. Mnara ni wa kumbukumbu, makaburi yako kwingine. Waliokufa katika vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, wana makaburi yao Kaboya, wilayani Muleba. Waliokufa katika ukombozi wa Msumbiji wako Naliendele, Mtwara. Songea ni tofauti: wapiganaji wa Maji Maji walionyongwa Februari 27, 1906 wamezikwa palepale penye makumbusho, katika kaburi la pamoja. Kwa hiyo anayetaka kusimama kaburini aende Kaboya, Naliendele au Songea, asiishie kwenye mnara wa Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, akadhani amefika.

"Siku ya Mashujaa ni ya vita vya Kagera." Ni ya wote waliokufa kwa ajili ya nchi hii. Vita vya Kagera vinakumbukwa zaidi kwa sababu waliovipigana bado tunao.

"Zile silaha za jadi zinazowekwa mnarani Siku ya Mashujaa ni tambiko." Hili nalisikia kwa watu wa dini zote, na linanikera kwa kuwa jibu linaonekana wazi kwa anayetazama hadi mwisho. Ni utaratibu wa kiserikali, na kila kitu kina mwekaji wake. Rais, ambaye ndiye Amiri Jeshi Mkuu, anaweka mkuki na ngao. Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi anaweka sime. Kiongozi wa mabalozi anaweka shada la maua. Meya anaweka upinde na mshale. Mwakilishi wa askari wastaafu anaweka shoka. Viongozi wa dini wanaomba papo hapo, kila mmoja kwa imani yake. Mimi hunigusa zaidi ile sime. Mkuu wa Majeshi ana vifaru na ndege chini ya amri yake, lakini mbele ya wenzake waliotangulia anashika silaha waliyoshika watu wa Kinjekitile na wa Mkwawa.

"Askari akielekeza mdomo wa bunduki chini, anaonyesha kushindwa." Anaomboleza. Ni desturi ya kijeshi ya zamani, na huiona pia kwenye mazishi ya askari. Raia nao wasipige saluti pale, nawaona kila mwaka. Vua kofia, simama wima, nyamaza. Inatosha.

"Sanamu ya Askari iliwekwa na Wajerumani." Wajerumani waliweka sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana wao. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliiondoa. Askari huyu wa shaba ni kazi ya mchongaji Mwingereza, James Alexander Stevenson, na hana uhusiano na Vita Kuu ya Pili, ambayo nayo naulizwa sana.

"Vita viliisha Novemba 11, 1918." Ulaya, ndiyo. Huku habari zilichelewa, na von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani, alisalimisha silaha Novemba 25 huko Abercorn, ambako leo ni Mbala, Zambia. Wiki hizo mbili wapagazi walikuwa bado njiani na mizigo vichwani, na homa kali ya mafua ya mwaka ule ilikuwa imekwisha kuingia. Kuna familia imewahi kuambiwa na ofisi moja kwamba tarehe ya kifo cha babu yao waliyoitunza wao, Novemba 20, haiwezekani kwa sababu vita vilikuwa vimekwisha. Inawezekana kabisa. Niliwaambia waiandike kama walivyoambiwa na wazee wao, pamoja na jina lake kamili.