Ua juu ya ua

Mwishoni mwa Oktoba Dodoma huwa imechoka. Mvua ilishakatika tangu Aprili, nyasi zimebaki vijiti, mbuzi wanatafuna hata maboksi. Tulikuwa tumeacha lami upande wa Bahi tulipokuta zizi lililozungushiwa ua wa mipungate, ile mimea ya kakati yenye vibapa vya miiba, na ua wenyewe umechanua, manjano tupu juu ya miiba. Nikamwomba dereva asimame. Mimi ni mtu wa mimea, wenzangu wameshanizoea.

“Mbukwa, babu.”

“Mbukwa, mjukuu wangu. Unashangaa mnyaa ulionenepa?”

Swali zuri, maana wengi huichanganya. Mnyaa ukiukata hutoa utomvu mweupe, ule wa kuunguza macho. Mpungate hutoa ute unaovutika kama mlenda. Si ndugu kabisa. Mpungate asili yake ni Amerika, ila ukame umeifundisha mimea hiyo miwili ujanja unaofanana. Vile vibapa tunavyoviita majani ni shina. Majani yenyewe yamegeuka miiba. Mchana mpungate hufunga matundu yake ya kupumulia usipoteze maji, usiku ndipo unayafungua, unavuta hewa ya ukaa na kuihifadhi kama asidi hadi jua litoke. Ndiyo maana Oktoba hii una ubichi wakati jirani zake wote wamekauka.

Lakini kilichonisimamisha ni ua lake. Nilichukua unyasi nikagusa stameni, zile nyuzi nyingi za manjano katikati. Zikaanza kujikunja polepole kuelekea ndani, kama vidole vinavyofumba. Nyuki anayejipenyeza humo hutoka kapakwa chavua mwili mzima. Mzee aliomba unyasi, akajaribu mara tatu, kila mara kwenye ua jingine. Ua moja huishi siku moja, labda mbili, kisha linasinyaa.

Miiba mirefu haikunisumbua. Kilichonipata ni vinywele vya kahawia vilivyo chini yake, vyenye vikulabu visivyoonekana. Jioni nilikuwa nabandika na kubandua selotepu kwenye kidole gumba.

Mzee alinikatia kibapa nikapande nyumbani. Hapo nikasita. Kule Laikipia, Kenya, tembo na nyani hula matunda ya mpungate na kusambaza mbegu, na kila kibapa kinachoanguka huota mizizi. Malisho mengi yamegeuka vichaka vya miiba. Nikamwambia, babu, hiki kibaki hapa zizini, mimi nitakula tunda.

“Basi rudi yakishaiva,” akasema. “Uje na kisu chako.”