Chembe za Nano Mwilini: Zinaonekanaje, na Zinapimwaje?

Chembe za nano ni nini, na mkazi wa Dodoma hukutana nazo wapi?

Ni chembe zenye upana wa kati ya nanomita 1 na 100, nanomita moja ikiwa ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Nyingine hutengenezwa kiwandani kwa makusudi: oksidi ya zinki kwenye mafuta ya kujikinga na jua, ambayo watu wenye ualbino katika mkoa huu wa jua kali huyahitaji kila siku, au fedha kwenye baadhi ya bandeji za vidonda. Hata ule mstari mwekundu wa kipimo cha haraka cha malaria kwa kawaida ni chembe za dhahabu; moja moja hazionekani, lakini zikikusanyika kwa wingi mahali pamoja rangi yake huonekana kwa macho.

Hadubini ya zahanati huona vimelea vya malaria. Kwa nini isizione chembe hizi?

Seli nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 hivi, kwa hiyo mwanga wa kawaida unatosha kuionyesha. Mwaka 1873, Mjerumani Ernst Abbe alieleza kwamba hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kuliko takriban nusu ya urefu wa wimbi la mwanga, yaani nanomita 200 hivi, hata lenzi iwe nzuri namna gani. Mwanga ukipitishwa kwa ubavu ili nyuma kubaki giza, chembe ya dhahabu au fedha hung'aa kama nyota; mtaalamu hujua kwamba ipo, ila hawezi kuusoma ukubwa wake kwenye nukta hiyo.

Basi hadubini ya elektroni inamaliza kazi?

Haimalizi, na hapa ndipo wengi hukosea. Hadubini hiyo, ambayo Ernst Ruska na Max Knoll waliiunda Berlin mwaka 1931, hutumia elektroni badala ya mwanga, na za leo huonyesha hata chembe ya nanomita moja. Tatizo ni kwamba hutazama eneo dogo mno. Tuseme ini limekatwa vipande vyembamba vya nanomita 70, na kila picha inachukua eneo la maikromita 10 kwa 10 (maikromita moja ni nanomita 1,000): ili kulimaliza ini la ujazo wa sentimita moja tu, zingehitajika picha zaidi ya bilioni 140. Kwa hiyo picha safi haithibitishi kwamba chembe hazipo. Wala picha yenye nukta nyeusi haithibitishi kwamba zipo, kwa sababu metali nzito za risasi, urani na osmi zinazotumika kutia sampuli rangi huweza kuganda na kuacha nukta zinazofanana nazo. Mtaalamu makini huelekeza elektroni kwenye nukta hiyohiyo na kupima eksirei zinazotoka, maana kila elementi ina eksirei zake. Kisha huirudia kazi yote kwenye sampuli ya ulinganisho ambayo haikukutana na chembe hizo.

Vumbi letu halivurugi majibu?

Huvuruga sana. Udongo una titani na chuma vya asili, na moshi wa mkaa una masizi madogo kiasi hicho. Ndiyo maana mwaka 2010 watafiti wa Australia walitumia mafuta ya jua yenye zinki iliyoongezwa isotopu ya zinki-68, yaani aina ya zinki yenye atomi nzito kidogo, ili waitofautishe na zinki ya chakula. Kiasi kidogo sana kilionekana kwenye damu, lakini kipimo hicho hakikuweza kueleza kama kilikuwa chembe nzima au zinki iliyokwisha kuyeyuka.

Je, niende hospitali nikapimwe?

Hakuna kipimo cha kawaida cha hospitali kinachomhesabia mgonjwa chembe za nano. Mwenye ualbino asiache mafuta yake: kwenye ngozi isiyo na jeraha, karibu zinki yote hubaki katika tabaka la juu la seli zilizokufa, ilhali saratani ya ngozi itokanayo na jua ni hatari iliyo wazi. Cha kuepuka ni kuzivuta chembe hizi kwa pumzi, hasa kutoka kwenye bidhaa za kupuliza, kwa kuwa ukuta wa ndani wa mapafu ni mwembamba kuliko ngozi.