Higgs haikukupa uzito wote huo

Safari hii kaja mtu aliyesoma fizikia kabisa, ananieleza bila wasiwasi kwamba chembe ya Higgs ndiyo inayovipa vitu vyote tungamo. Tangu CERN, maabara ya fizikia ya chembe ya Ulaya, watangaze Julai 4, 2012 kwamba wameiona, uvumi huu haufi.

Tupige hesabu. Protoni, chembe iliyomo kwenye kiini cha kila atomu, ina tungamo la MeV 938 hivi (MeV ni kizio cha nishati, nasi hukitumia kupimia tungamo pia). Ndani yake kuna kwaki tatu, chembe ndogo zaidi: mbili za aina iitwayo "juu" ni MeV 2 na ushei kila moja, ile ya aina iitwayo "chini" haifiki 5. Jumla haifiki hata 10! Tungamo hilo la kwaki ndilo linalotoka kwenye uga wa Higgs, kitu kilichoenea kila mahali ambacho chembe ya Higgs ni kiwimbi chake tu. Huo ndio mchango wa Higgs, kama asilimia moja. Elektroni nayo hupata tungamo lake huko huko, ila MeV 0.511 haitikisi mzani wowote.

Zaidi ya 900 zilizobaki ni nishati. Kwaki zimebanwa mahali padogo mno, hazitulii, na gluoni, chembe zinazozifunga pamoja, hazina tungamo hata chembe. Lakini nishati iliyofungiwa pamoja ni nzito kuisukuma. Wala haisubiri kugeuka kuwa tungamo. Ndiyo tungamo lenyewe. Hapa ndipo wengi wanaponipotea, kwa sababu wanatafuta punje inayobeba uzito. Haipo. Mwaka 2008 wananadharia walichapisha hesabu ya kompyuta iliyoanzia kwenye kanuni za kwaki na gluoni, ikaufikia uzito wa protoni kwa tofauti ndogo sana.

Sasa, ile asilimia moja yangu ni hesabu ya mkato. Ndani ya protoni kuna pia jozi za kwaki na antikwaki (pacha zake zenye chaji kinyume) zinazoibuka na kutoweka. Ukizihesabu, mchango unapanda hadi karibu asilimia 9. Na namna ya kuligawa tungamo la protoni mafungu mafungu bado tunabishana. Nyutrino, chembe nyepesi mno isiyo na chaji, ndiyo balaa zaidi: ina tungamo, na hakuna anayejua kwa hakika limetoka wapi.

Ule mfano wa Higgs kuwa tope linalokokota chembe, naomba uzikwe. Tope hupunguza mwendo. Uga wa Higgs haupunguzi mwendo wa chochote.

Simaanishi Higgs ni bure. Bila tungamo la elektroni hakuna atomu. Na kwa kuwa kwaki ya chini ni nzito kuliko ya juu, nyutroni, jirani wa protoni kwenye kiini, inaizidi protoni kwa MeV 1.3. Igeuze tofauti hiyo, na protoni ndiyo itakayooza, yaani kugeuka nyutroni, na haidrojeni, ambayo kiini chake ni protoni, iende nayo.