Je, wajua kwa nini bushi za gari hazikazwi likiwa juu ya jeki?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba bushi ya springi, kile kipande cha mpira kinachounganisha springi na gari, ni bawaba. Bolti imepita katikati, mpira umeizunguka, springi ikipanda na kushuka bushi inazunguka kwenye bolti, na kazi ya fundi ni kukaza nati hadi mwisho, kisha kupaka grisi isije ikalia. Niliamini hivyo kiasi cha kumfundisha na mwenzangu. Katika maelezo yote hayo, cha kweli ni bolti, mpira na nati tu.

Somo lilinijia uani kwetu, mbele ya Land Rover Series III ya marehemu baba mdogo, ile ndefu ya 109 (inchi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma), ikiwa imevuliwa bodi, injini na kila kitu, imebaki chesisi tupu, ile fremu ya chini, juu ya magogo. Magari haya yana kituko chao. Kampuni ya Rover ilipoonyesha Land Rover ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza baada ya vita, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya aluminiamu. Chesisi ikabaki ya chuma, tena ya boksi lenye uwazi ndani. Tope na maji yakishaingia humo hayana haraka ya kutoka, na kutu huanza kula kutoka ndani kuja nje. Ndiyo maana unaweza kukuta gari la miaka 50, bodi haina hata kidonda, limekaa juu ya chesisi ambayo bisibisi inapenya kama kwenye papai. Series III zilitoka kiwandani kuanzia 1971 hadi 1985, nyingine ziliunganishwa Thika, na kwa jinsi Arusha ilivyojaa Land Rover kwenye tamasha la magari hayo la 2024, bado tunazo nyingi za kuhangaika nazo. Habari za kukata viraka na kuchomelea naziruka. Mchomeleaji wa mtaani kwako anazijua kuliko mimi.

Nirudi kwenye bushi. Series III inakaa juu ya springi nne za mabapa ya chuma yaliyolaliana, na kila springi ina bushi tatu: moja kila jicho, yaani pete iliyo kwenye ncha ya springi, na moja iliyopigwa ndani ya chesisi pale inaponing'inia shakeli, kile kiungo cha mabamba mawili kinachoshika ncha moja ya springi. Jumla 12. Zile nne za kwenye chesisi ndizo zinazomkomesha mtu. Unachoma mpira mpaka moshi mweusi unaleta majirani, halafu unapenyeza ubapa wa msumeno wa chuma ndani ya tundu na kukata ganda lililobaki, taratibu, ukiomba usiikate chesisi yenyewe.

Ndipo nilipoishika bushi mpya mkononi na kuitazama kwa mara ya kwanza, ingawa nilikuwa nimeshazibadilisha nyingi. Ni vibomba viwili vya chuma, kimoja ndani ya kingine, na kati yao mpira ulioshikamana na vyote viwili. Kibomba cha ndani ni kirefu kuliko cha nje kwa milimita chache tu. Nilidhani ni uzembe wa kiwanda. Kumbe siri yote iko hapo. Ukikaza nati, mabamba ya shakeli yanakibana kile kibomba cha ndani pande zote mbili, hakigeuki tena, kinakuwa kitu kimoja na bolti. Kibomba cha nje nacho kimesukumwa kwa nguvu ndani ya jicho la springi, hakigeuki. Basi springi inapocheza, nini kinazunguka? Hakuna. Mpira ndio unaojisokota katikati, kisha unajisokotoa.

Jaribu hivi. Shika kifundo cha mkono wako wa kushoto kwa kiganja cha kulia, bana kwelikweli, kisha zungusha kiganja kidogo. Kiganja hakitelezi juu ya ngozi. Ngozi inavutika pamoja nacho, mfupa unabaki pale pale, na ukiachia kidogo ngozi inarudi yenyewe. Mfupa ni bolti, ngozi ni mpira, kiganja ni jicho la springi. Sasa endelea kuzungusha. Ile sehemu inayoanza kuuma ndiyo mwisho wa bushi.

Na grisi? Grisi inahitajika pale vitu viwili vinaposuguana, na hapa hakuna kinachosuguana. Grisi ya kawaida ni ya mafuta ya petroli, na mpira asilia ukikaa na mafuta hayo huvimba na kulainika. Kwa hiyo nilikuwa nikizipaka bushi zangu dawa ya kuziua, kwa upendo mwingi.

Mpaka hapo tumepata kifaa kinachojisokota. Swali la jeki linakuja kwa sababu kitu kinachojisokota lazima kiwe na mahali pake pa kupumzikia, na mahali hapo hapachaguliwi na mtengenezaji. Unapachagua wewe, sekunde ile unapokaza nati.

Umewahi kuona mlango wa banda la kuku uliofungwa kwa vipande vya mpira wa tairi badala ya bawaba? Ubao mmoja, kipande cha mpira, misumari minne. Ukipigilia misumari mlango ukiwa umefungwa, mpira unapumzika mlango ukiwa umefungwa. Asubuhi unaufungua, mpira unavutika, ukiachia unarudi. Sasa mtu mwingine apigilie misumari mlango ukiwa wazi kabisa. Mlango huo utafungika, ndiyo, lakini usiku kucha mpira utakuwa unavuta kurudi wazi, na utahitaji jiwe. Baada ya muda utaona mpasuko mdogo pembeni mwa msumari.

Gari likiwa juu ya jeki, chesisi imenyanyuliwa na magurudumu yananing'inia. Huo ndio mlango ulio wazi kabisa. Ukikaza nati hapo, umeiambia bushi kwamba kuning'inia ndiko nyumbani. Ukishusha jeki, gari linakaa, springi inanyooka, na bushi inasokotwa kabla hujawasha injini.

Inasokotwa kiasi gani? Nilifanya hesabu ya haraka. Springi ya mbele ina urefu wa karibu sentimita 91 jicho kwa jicho. Kati ya kuning'inia na kukaa chini, tuseme katikati yake inasogea sentimita 7. Mwinamo wa jicho unabadilika digrii 13 hadi 18, kutegemea mabapa yanavyojikunja. Chukua 15. Aliyekaza gari likiwa chini, bushi yake iko sifuri gari likisimama; shimo likija inakwenda 15 upande mmoja, tairi likining'inia inakwenda 15 upande wa pili. Aliyekaza juu ya jeki anaanza na 15 gari likiwa limeegeshwa, na shimo likija anafika 30. Barabara ni ile ile na shimo ni lile lile, ila mpira wake umevutwa maradufu.

Kuna jambo jingine lililonifurahisha zaidi kuliko inavyostahili. Hewa ina ozoni kidogo, na ozoni hushambulia mpira uliovutika kuliko uliolegea. Kwa hiyo bushi iliyosokotwa inaendelea kuchanika hata gari likiwa limelala chini ya mwembe na funguo ziko kabatini. Tena bushi iliyosokotwa ni springi ya ziada: inasukuma gari juu na kulifanya gumu. Miaka ile ya imani yangu nililaumu springi mpya kwamba ni ngumu. Nikalaumu na shokomzoba. Nilimlaumu kila mtu isipokuwa spana yangu.

Nisilizidishie kosa hili uzito, maana bushi hufa kwa sababu nyingi: mafuta yanayovuja kutoka kwenye injini, joto, mzigo, umri. Ukikuta imechanika usimshike fundi shati. Na wataalamu wa mpira wana kioja chao kinachovuruga hesabu yangu: mpira asilia ukivutwa na kuachiwa bila kurudi sifuri kabisa, mara nyingine ufa wake hukua polepole zaidi, kwa kuwa molekuli zake hujipanga na kuuzuia. Lakini kioja hicho hakiwezi kumtetea aliyekwenda digrii 30 mahali pa 15.

Wala kanuni hii si ya kila gari. Malori mengi yana pini ya chuma na tundu la kupigia grisi. Hizo ni bawaba za kweli, zinazunguka, na zisipopata grisi zinalia na kulika. Nadhani ndiko nilikookota imani yangu. Bushi za poliyurethani, zile za rangi nyekundu au njano zinazopendwa na vijana wa magari ya kupanda milima, nyingi huzunguka juu ya kibomba chake, zinataka grisi ya silikoni, na hazijali sana gari lilikuwa wapi ulipokaza. Soma karatasi iliyokuja nazo. Lakini bushi za mpira zilizo kwenye mikono ya magurudumu ya mbele ya saluni nyingi, za zamani na za leo, ni ndugu wa damu wa hizi za Land Rover.

Nilipoelewa haya nikajiona fundi. Nikalegeza nati zote, nikafunga magurudumu, nikashusha chesisi chini, nikaitikisa itulie, nikakaza tena kwa fahari. Jirani yangu, dereva mstaafu, alikuwa ameegemea ua anatazama.

"Injini iko wapi?" akauliza.

"Iko barazani, Mzee."

"Na bodi?"

Sikujibu. Gari lile likiwa kamili lina takriban tani moja na nusu. Mimi nilikuwa nimeshusha mifupa. Springi zilikuwa bado zimejikunja karibu sawa na zilivyokuwa zikining'inia. Kugusa ardhi hakutoshi, lazima uzito wote uwepo. Anayejenga gari upya kuanzia chesisi hana budi kuziacha nati hizi zimeshikwa kwa mkono tu kwa wiki au miezi, mpaka bodi irudi. Hatari yake iko wazi: kusahau. Nilifunga kitambaa chekundu kwenye usukani kabla usukani haujapata hata mahali pa kukaa. Na siku ya kukaza unakaza kwelikweli, kwa sababu kibomba cha ndani kisipobanwa kitaanza kuzunguka juu ya bolti na kuila.

Ukitaka kuona haya kwa macho, chukua ule wino mweupe wa kufutia makosa ya kalamu. Gari likiwa limekaa kwa uzito wake na nati zimekazwa, chora mstari mmoja ulionyooka kwenye uso wa bushi, kutoka kibomba cha ndani, upite juu ya mpira, hadi cha nje. Kisha nyanyua chesisi kwa jeki. Ncha mbili za mstari hazibanduki pale ulipoziweka, lakini zinaachana, na katikati mstari unapinda kama mundu. Shusha, unanyooka. Niliwaita watoto wa nyumbani waje waone. Waliangalia mara mbili, wakarudi kwenye mpira wao, ule wa miguu.

Cha ajabu, gereji za kizamani zenye shimo hukwepa kosa hili bila hata kulijua. Gari linaingia kwa magurudumu yake, fundi anashuka shimoni na kukaza akiwa chini, mzigo wote uko juu yake. Sisi wa nyumbani, wenye jeki na magogo, ndio tunaoharibu, maana ukilala chali chini ya gari unataka nafasi, na nafasi inapatikana gari likiwa limenyanyuliwa.

Bodi iliporudi na gari kukaa kwa uzito wake, nilikaza bushi zote 12, kila moja nikiichorea mstari wake papo hapo, nikaenda nalo mjini na kurudi. Jioni nikalala chini na tochi kuikagua. Mistari 11 ilikuwa imenyooka. Wa nyuma kulia ulikuwa umepinda: nilipofika kwake ile siku ya kukaza, gari lilikuwa bado na jeki upande huo, na giza lilikuwa linaingia. Niliilegeza nati robo mzunguko, kisha robo nyingine, kukatoka mlio mfupi kama wa mlango wa stoo, na kona ile ya gari ikashuka kidogo juu ya kichwa changu.