USS Eldridge haikupotea kimiujiza

Jamani, hii stori ya kwamba mwaka 1943 Wamarekani waliifanya manowari USS Eldridge ipotee pale Philadelphia ikatokea Norfolk, mji mwingine wa Marekani, si kweli. Rekodi za jeshi la majini zinaonyesha haikufika Philadelphia kipindi hicho, ilikuwa mpya kabisa, imeingia kazini Agosti 1943 New York, halafu ikawa inasindikiza misafara ya meli kwenda Mediterania. Stori yenyewe ilianza miaka ya 1950 kwenye barua za Carl Allen, mtu aliyedai ameshuhudia tukio hilo, kwa mwandishi Morris Jessup.

Kuna kitu cha kweli lakini, meli zilifungwa nyaya za umeme kupunguza usumaku wake ili mabomu ya baharini yenye sensa za sumaku yasizihisi, ila kwa macho unaziona kama kawaida tu. 1951 Eldridge ikapewa Ugiriki, ikaitwa Leon, ikatumika huko miaka mingi mno.