Jeni ya mbio: Wasebei, Akii-Bua na ACTN3

Mganda akishinda mbio ndefu, maelezo huwa tayari kabla wimbo wa taifa haujaisha: Wasebei, watu wa miteremko ya Mlima Elgon mashariki mwa Uganda, wana jeni ya mbio. Utayasikia Mbale, utayasikia kwenye stendi za boda boda Kampala, na siku hizi wasemaji huongeza jina la jeni yenyewe, ACTN3, ili maneno yanuke maabara kidogo. Jeni hiyo ipo kweli. Kasoro iko kwenye yanayosemwa juu yake.

Tuanze na kazi yake. ACTN3 iko kwenye kromosomu ya 11, nayo hubeba maelekezo ya kutengeneza protini iitwayo alfa-aktinini-3. Protini hii haivuti wala haisukumi. Kazi yake ni kujenga. Ndani ya kila uzi wa msuli kuna vijiuzi vyembamba vya aktini ambavyo huvutwa msuli unapojikunja, na alfa-aktinini huvishikilia mahali pake, kama kamba zinazofunga fito za nyumba ya udongo. Katika misuli inayoendesha mifupa kuna alfa-aktinini za aina mbili. Moja, alfa-aktinini-2, iko katika nyuzi zote. Nyingine, hii alfa-aktinini-3, iko katika nyuzi za kasi tu, zile tunazozitumia kuchomoka, kuruka na kunyanyua mzigo mzito.

“Mwenye jeni hii ana kasi, asiyekuwa nayo hana.” Hapa pana makosa mawili. Kwanza, karibu kila binadamu anayo jeni. Tunachotofautiana ni toleo. Katika nafasi ya 577, herufi moja ya DNA ikibadilika, maelekezo hukatika njiani na protini haitengenezwi. Toleo zima huitwa R, lililokatika huitwa X. Aliyerithi X kwa baba na X kwa mama, yaani mwenye XX, hana alfa-aktinini-3 hata chembe. Watu wa aina hiyo ni karibu 18% ya wenye asili ya Ulaya, na sehemu kadhaa za Asia wanafika robo. Duniani kote wanakadiriwa kuwa zaidi ya bilioni moja, wanatembea, wanacheza mpira, wanazeeka kama wengine.

Jina la “jeni ya kasi” lilitokana na utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2003. Miongoni mwa wanariadha wa mbio fupi na michezo ya nguvu, wenye XX walikuwa karibu 6% tu, na kati ya waliofika Olimpiki katika fani hizo hakupatikana hata mmoja. Matokeo hayo ni ya kweli, na tafiti nyingine za baadaye zimeyaunga mkono kwa kiasi. Lakini yalikuwa juu ya Wazungu, ambao kwao X ni ya kawaida. Kuyabeba hadi Kapchorwa, kwa Wasebei, bila kuuliza swali lolote ndiko kulikoleta vurugu.

Swali lenyewe ni rahisi: huku kwetu nani hana R? Watafiti walipowapima Wakenya, wenye XX walikuwa karibu 1%. Kwa Wanigeria hawakupatikana kabisa. Maana yake, katika ukanda huu mwanariadha ana toleo la R, muuza ndizi ana R, na jamaa aliyekaa anatazama mbio kwenye televisheni, soda mkononi, naye ana R. Kitu ambacho karibu kila mtu anacho hakiwezi kueleza kwa nini mmoja anashinda na wengine wanapiga makofi. Tena kama R peke yake ingetosha kuleta kasi, Uganda ingekuwa imejaza kabati kwa medali za mita 100. Haijawahi kupata hata moja ya Olimpiki katika mbio hizo.

Dhahabu ya kwanza ya Uganda kwenye Olimpiki ilikuwa ya John Akii-Bua, Munich 1972, mita 400 kuruka viunzi. Alikimbia kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia, akawa mtu wa kwanza kushuka chini ya sekunde 48. Akii-Bua alikuwa wa kabila la Lango, mtu wa kaskazini, wala si wa Elgon. Wanaohubiri jeni za Wasebei huwa wanamruka, nami sijui wangemweka wapi.

Kuna wanaogeuza hoja: “Basi X ndiyo jeni ya ustahimilivu.” Hili lina msingi kidogo. Mwaka 2007 panya walioondolewa ACTN3 maabara walikimbia umbali wa 33% zaidi kabla ya kuchoka, kwa sababu nyuzi zao za kasi ziliegemea zaidi njia ya kupata nishati kwa oksijeni. Walilipia: misuli yao ilikuwa midogo na mshiko wao dhaifu. Lakini panya ni panya. Kama X ingekuwa siri ya mbio ndefu kwa watu, Wakenya wangekuwa nayo kwa wingi, na tumeona hawana. Waethiopia wenye XX walikuwa karibu 11%, nao wanashinda vilevile. Utafiti huohuo uliowapima Wakenya na Waethiopia ulilinganisha wanariadha wa masafa marefu na raia wa kawaida katika nchi hizo mbili, na haukuona tofauti yoyote ya maana kwenye jeni hii.

Kwa ujumla, toleo la ACTN3 linakadiriwa kueleza asilimia 2 au 3 tu ya tofauti za utendaji wa misuli kati ya mtu na mtu. Ukitaka kuelewa Sebei, mimi ningeanzia kwingine: vijiji vilivyo juu kwenye miteremko ya Elgon, na timu za Polisi na Magereza ambazo humpa mkimbiaji mshahara. Stephen Kiprotich, aliyeshinda marathoni London 2012 kwa saa 2:08:01, ni mtu wa Magereza, na alikwenda kufanya mazoezi upande wa Eldoret. Yeye alileta dhahabu ya pili, miaka 40 baada ya Akii-Bua. Baada yake wakaja Joshua Cheptegei na Peruth Chemutai. Jeni hazibadiliki katika miaka michache namna hiyo. Makocha, fedha na mifano ya kuigwa hubadilika.

“Mbio hurithiwa kwa baba.” Hapana. Nakala moja ya ACTN3 hutoka kwa baba, nyingine kwa mama.

“Kukosa protini hiyo ni ugonjwa.” Hata wataalamu waliwahi kudhani hivyo. Katika miaka ya 1990 kundi la daktari Kathryn North lilikuta wagonjwa wa misuli wasio na alfa-aktinini-3, likashuku limepata chanzo. Kisha likawakuta watu wazima wa afya nao hawana, na mwaka 1999 likatangaza kwamba ni jambo la kawaida. Usichanganye na distrofini, protini nyingine ya kujenga msuli, ambayo jeni yake iko kwenye kromosomu ya X (X hii si lile toleo la ACTN3). Kukosa hiyo huleta Duchenne, ugonjwa wa kudhoofika misuli, na humpata zaidi mtoto wa kiume. Huanguka mara kwa mara, na akiinuka hujisukuma kwa mikono juu ya mapaja. Mashavu ya miguu yake hunenepa, na jirani atasema kijana ana nguvu, kumbe mafuta na makovu yamechukua nafasi ya msuli. Huyo si wa kupelekwa kwa mganga. Apelekwe hospitali, na dawa za steroidi zinaweza kumchelewesha kufika kwenye kiti cha magurudumu.

Limebaki la biashara. Tangu 2004 kuna kampuni zinazouza kipimo cha ACTN3: unatema mate, unaambiwa mtoto ni wa mbio fupi au ndefu. Mwaka 2015 jopo la wataalamu lilisema vipimo hivi havifai kutafutia vipaji wala kupangia mazoezi. Kwa mzazi wa Uganda ni hasara maradufu, maana jibu karibu linajulikana kabla mate hayajafika kwenye kichupa: ana R.